Vyumba Sita na Korido: Historia ya Kodi Ambayo Sheria Haikuifikia

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina vyumba sita, vitatu kila upande, na korido katikati inayotoka barazani mpaka uani. Uani kuna jiko, bafu na choo, na mara nyingi vyumba viwili vitatu vya nyongeza vilivyoinuliwa kila mwenye nyumba alipopata mifuko ya saruji. Mwenye nyumba hukaa vyumba vya mbele. Vilivyobaki hupangishwa kimoja kimoja, na kila mlango ni kaya: kijana wa bodaboda, mwalimu na mkewe, mama anayeuza vitumbua, wasichana wawili wanaochangia kodi. Umeme ni wa luku moja, ugomvi ni wa pasi na friji.

Ramani hiyo ina zaidi ya miaka mia moja, nayo imelaza watu wengi kuliko Shirika la Nyumba, benki zote na wizara zote zilizowahi kushika jambo la makazi. Ajabu ni kwamba historia ya kodi ikiandikwa hupita mbali nayo. Tunakumbuka sheria, maazimio, ghorofa zilizotaifishwa na ghorofa zilizozinduliwa. Kumbe mpangaji halisi wa jiji hili alikuwa kwenye korido, na sheria iliyotungwa kwa jina lake iliishia barabara ya lami.

Wajerumani ndio walioanza kuugawa mji kwa aina ya majengo. Kanuni yao ya ujenzi ya mwaka 1891 ilitenga upande wa pwani kwa nyumba za Kizungu, na vibanda vya udongo na makuti vikasukumwa pembeni. Mwaka 1914, muda mfupi kabla ya vita, serikali yao ilinunua shamba kubwa magharibi mwa mji ili iwe makazi ya Waafrika. Vita vikaingilia. Waingereza waliporithi mji waliendeleza mpango uleule, na mwaka 1924 wakaupanga rasmi kwa kanda tatu zilizojulikana kwa watu kama Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Shamba lile likawa Kariakoo, mitaa iliyonyooka kama iliyopigwa rula, kiwanja baada ya kiwanja.

Tofauti kati ya kanda hizo haikuwa rangi ya ngozi peke yake. Mwenye kiwanja Uhindini alikuwa na hati ya miaka mingi, karatasi ambayo angeweza kuipeleka benki na kukopea. Mwenye kiwanja Kariakoo alikaa kwa kibali cha muda mfupi ambacho hakuna benki ingekitazama mara mbili. Kwa hiyo yule wa kwanza alijenga ghorofa kwa mkopo, na wa pili alijenga chumba kimoja, akakipangisha, akatumia kodi kujenga cha pili. Mtindo huo haujafa. Ukiona leo huko Mbagala au Chanika nyumba yenye upande mmoja uliopauliwa na upande mwingine wenye kuta bila bati, hapo kuna mwenye nyumba anayesubiri wapangaji wa upande wa kwanza wamalizie upande wa pili.

Ng'ambo wanagoma

Kabla ya kuendelea na Dar es Salaam inafaa kuvuka maji, kwa sababu mapambano makubwa ya mapema ya kodi katika pwani yetu yalitokea Zanzibar, na waliopambana walikuwa ni watu wenye nyumba zao wenyewe.

Ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na mashamba ya nje. Karne ya 19 wenye ardhi, wengi wao Waarabu, waliwaacha watumwa wao, wategemezi wao na wageni kujenga vibanda kwenye ardhi hiyo bila kutoza kitu, au wakatoza kitu kidogo cha heshima. Bwana mkubwa alihesabiwa ukubwa wake kwa watu waliomzunguka. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, hesabu hiyo ikaanza kubadilika. Watu hawakuwa tena mali, lakini ardhi waliyokalia ilikuwa mali. Baadhi ya viwanja viliuzwa kwa wafanyabiashara, vingine vilikuwa wakfu uliosimamiwa na serikali, na kodi ya ardhi ikaanza kudaiwa kwa fedha taslimu, ikipanda kadiri mji ulivyojaa.

Hebu fikiria hali ya mwanamke aliyezaliwa utumwani, akaachwa huru, akafua, akapika na kuuza, mpaka akajenga nyumba yake ya fito na udongo. Wanawake wa namna hiyo walikuwa wengi Ng'ambo, nao walikuwa miongoni mwa wenye nyumba. Nyumba ni yake, ila udongo ulio chini ya nyumba ni wa mtu mwingine, ambaye kila mwaka anapandisha bei ya udongo huo. Hawezi kuibeba nyumba akahama nayo. Akishindwa kulipa, anapoteza vyote viwili.

Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa. Serikali ilijaribu kuwafukuza waliokaidi na kuwafunga, na umati wa watu ukaenda gerezani ukawatoa wafungwa wake. Mamlaka ya kikoloni, iliyozoea kudhani watu wa Ng'ambo ni watu wa ngoma na taarabu tu, ilishtuka. Mwaka huohuo, mkazi mmoja wa Ng'ambo aliyeitwa Siti binti Saad alikuwa amesafiri hadi Bombay kurekodi santuri zilizompa jina pwani nzima, kwa hiyo mtaa uliokuwa unadaiwa kodi ya ardhi ndio uliokuwa unatoa sauti iliyosikika kila mahali Kiswahili kilipozungumzwa. Mgomo ulizaa sheria ya kuweka kikomo kwenye kodi ya viwanja.

Kilichowapa watu wa Ng'ambo nguvu ni kwamba walikuwa wadaiwa wa aina moja wenye wadai wa aina moja. Wote walidaiwa ardhi, na waliowadai hawakulala nao chini ya paa moja. Mpangaji wa Kariakoo hakuwa na bahati hiyo. Aliyemdai kodi alikuwa akimwamkia asubuhi, akimkopa chumvi jioni, na pengine alikuwa mjomba wa rafiki yake. Ni vigumu kumgomea mtu ambaye mnasubiriana mlangoni mwa choo. Nadhani hapo ndipo ilipo sababu ya Dar es Salaam, pamoja na joto lake lote la siasa, kutowahi kuwa na mgomo wa wapangaji unaokumbukwa.

Sheria ya Glasgow inafika Kariakoo

Udhibiti wa kodi kwa sheria ulitoka mbali. Mwaka 1915, katikati ya vita, wenye nyumba wa mji wa Glasgow huko Uskoti walipandisha kodi kwa sababu viwanda vya silaha vilikuwa vimejaza mji wafanyakazi. Wanawake, ambao wengi waume zao walikuwa vitani, waliongozwa na Mary Barbour kukataa nyongeza hiyo. Walizuia madalali wa mahakama milangoni na maelfu ya kaya zikagoma. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia kodi isipande wakati wa vita. Sheria hiyo ndiyo mama wa sheria za kodi katika makoloni. Vita vya pili vilipokuja na mji wa Dar es Salaam ukajaa, serikali ya Tanganyika nayo ikaweka udhibiti wake.

Mji ulikuwa umejaa kweli. Vifaa vya ujenzi havikuingia, kwa kuwa meli zilikuwa na kazi ya vita, wakati huo watu wakizidi kumiminika kutoka Uzaramo, Rufiji na bara. Hata baadhi ya familia za Kihindi zilizokosa nafasi Uhindini ziliingia Kariakoo kutafuta vyumba, na wenye nyumba wakawapendelea kwa kuwa walilipa zaidi. Mfanyakazi wa bandari akajikuta anashindania chumba na karani wa duka. Mgomo wa makuli wa mwaka 1947 ulikuwa wa mishahara, lakini mshahara hudaiwa kwa sababu ya vitu unavyopaswa kununua, na kodi ilikuwa mojawapo.

Sensa zinaonyesha kasi yenyewe. Mwaka 1948 mji ulikuwa na watu 69,000 hivi. Mwaka 1957 walikuwa karibu 129,000. Kufikia 1967 walikuwa karibu 273,000. Mji uliokua mara nne ndani ya miaka 19 hauwezi kukaliwa bila mtu kulala kwa mwenzake, na ofisa wa kikoloni J. A. K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu mwaka 1963, aliikuta nyumba ya vyumba sita ikiwa ndiyo mpangilio wa kawaida wa maisha ya mji: watu wa makabila mbalimbali waliokutanishwa na korido.

Serikali ilijenga kota huko Ilala, Temeke na Magomeni. Zilikuwa chache, na waliopata walikuwa hasa watumishi wenye mshahara wa uhakika. Wengine wote waliendelea kugonga milango ya nyumba za Kiswahili na kuuliza kama kuna chumba.

Uhuru na tingatinga

Serikali ya uhuru haikupoteza muda. Mwaka 1962 iliunda Shirika la Nyumba la Taifa na kutunga sheria yake ya kudhibiti kodi. Shirika likaanza kubomoa nyumba za udongo na makuti Magomeni, Kariakoo na kwingineko na kujenga za matofali mahali pake. Picha zilikuwa nzuri. Ila nyumba iliyobomolewa ilikuwa na wapangaji watano au sita, na nyumba mpya ilikuwa ni ya mmiliki yuleyule wa kiwanja, ambaye sasa alikuwa na deni la ujenzi. Deni hulipwa kwa kodi. Nyumba zilibadilika sura, idadi ya vyumba haikuongezeka kwa kiasi cha kuridhisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 mpango uliachwa kwa sababu ya gharama.

Katikati ya hayo likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Kati ya masharti ya uongozi yaliyowekwa na TANU, moja lilisema waziwazi kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Leo sharti hilo linasomeka kama jambo la kizee, na chama kilichoirithi TANU kililegeza masharti hayo Zanzibar mwaka 1991. Lakini kwa wakati ule liligusa mahali palipouma. Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyewakusanya wanawake wa Dar es Salaam nyuma ya TANU kuliko mtu mwingine yeyote, alijiuzulu ujumbe wa Kamati Kuu kwa kupinga sharti hilo la nyumba za kupangisha.

Wengi wamemsoma Bibi Titi hapo kama mtu aliyechagua mali. Mimi naona anastahili kusikilizwa zaidi ya hapo. Kwa mwanamke wa mjini wa kizazi chake, ambaye hakusomeshwa na hakuajiriwa, nyumba yenye vyumba vya kupangisha ndiyo iliyokuwa pensheni. Hakukuwa na mfuko wa jamii wa muuza samaki. Azimio lilimweka mwanamke huyo na mwenye jengo la ghorofa nne la Uhindini kwenye kapu moja, ingawa mmoja aliishi kwa kodi na mwingine alitajirika kwayo.

Nyumba za Msajili

Miaka minne baadaye serikali iliwatenganisha wawili hao, na kwa mara ya kwanza ikaamua kwa tarakimu. Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya Aprili 1971 ilihusu majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Karibu majengo elfu tatu yalitwaliwa nchini, yakakabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Takriban yote yalikuwa ya watu wenye asili ya Asia, baadhi yao wajane na wastaafu walioweka akiba ya maisha yao kwenye jengo moja, na wengi waliondoka nchini miaka iliyofuata.

Kwa waliopata funguo za nyumba za Msajili ilikuwa neema. Watumishi wa serikali, wa mashirika ya umma, na wafanyabiashara wadogo waliingia katika vyumba vyenye dari ndefu na roshani, katikati ya mji, kwa kodi ndogo ambayo haikupanda kwa miaka mingi. Hata thamani ya shilingi ilipoporomoka miaka ya 1980, kodi ile ilibaki palepale. Baba akistaafu, mtoto alirithi upangaji. Mtoto akihamishiwa Mwanza, binamu aliingia. Aliyetaka kuingia bila undugu alitoa kilemba: fedha ya mkononi ya kuachiwa funguo, ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliijua.

Huku kodi ikiwa ndogo kiasi hicho, Msajili hakuwa na fedha ya kukarabati. Lifti zilikwama, pampu za maji zikafa, wapangaji wa ghorofa ya tatu wakabeba ndoo. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba, na shirika jipya likaanza kupandisha kodi na kuingia ubia na wenye mitaji. Baadhi ya majengo yalivunjwa, maghorofa marefu ya vioo yakapanda mahali pake, na mpangaji wa miaka ishirini akajikuta anadaiwa kodi ya soko ambalo hakuwahi kuingia.

Sitaki kuibeza hatua ya 1971. Ilivunja mfumo wa kikoloni ambao Mwafrika hakupewa chumba Uhindini hata akiwa na fedha. Lakini kikomo kile cha shilingi 100,000 kilitazama jengo, na jengo la aina hiyo halikuwa na mpangaji maskini. Nyumba ya Kiswahili haikufika hata karibu na thamani hiyo. Ikaachwa, na wapangaji wake wakaachwa nayo.

Karatasi na korido

Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilipokuja kuchukua nafasi ya ile ya 1962, kwa maandishi ilimlinda mpangaji vizuri. Kulikuwa na kodi halali, kulikuwa na mabaraza ya nyumba, na mwenye nyumba hakuruhusiwa kumtoa mtu bila amri. Wenye mikataba ya Shirika la Nyumba na wenye fremu za maduka walizijua haki hizo na walizitumia. Kesi za kilemba na za kufukuzwa zilikwenda mbele na kurudi kwa miaka.

Kwenye korido mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mkataba ulikuwa wa mdomo, risiti ilikuwa daftari la mwenye nyumba kama lilikuwapo, na ofisi ya baraza ilikuwa mjini. Mpangaji aliyeambiwa ahame mwisho wa mwezi hakuuliza kifungu. Aliuliza kama mwisho wa mwezi ni tarehe 30 au anaweza kusogezewa hadi tarehe 5.

Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa. Hoja zilikuwa za kiuchumi: udhibiti unawakatisha tamaa wajenzi, na nchi yenye upungufu wa nyumba inahitaji watu wajenge. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Yaliyozipata nyumba za Msajili ni ushahidi wake. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa 1973 ili wananchi wakope kujenga, ilikuwa imeshakufa tangu 1995, na sheria za kuwezesha mikopo ya nyumba na umiliki wa sehemu ya jengo zilikuja mwaka 2008. Mahusiano ya upangaji yakaachiwa Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba wa watu wawili. Tatizo ni kwamba mkataba wa watu wawili unahitaji watu wawili wenye nguvu zinazokaribiana, na hapa mmoja ana chumba na nyuma ya mwenzake kuna foleni.

Foleni hiyo ndiyo iliyoleta kodi ya miezi sita. Utaratibu wa kudai kodi ya mbele haukuandikwa na Bunge wala kuamriwa na mtu. Ulikua kutokana na njia ileile ya kujenga chumba kwa chumba. Mwenye nyumba asiye na benki anahitaji fedha ya mkupuo ili anunue bati au aezeke upya paa linalovuja, na mahali pa pekee penye fedha ya mkupuo ni mfukoni mwa mpangaji mpya. Miezi mitatu ikawa sita, na mahali pengine mwaka mzima. Mpangaji amekuwa benki ya mwenye nyumba, isipokuwa benki hii haitozi riba na haina haki ya kuuliza fedha zimetumika wapi.

Tuchukue chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi, bei ambayo Dar es Salaam haimshtui mtu. Miezi sita ni 600,000. Dalali aliyekuonyesha anachukua kodi ya mwezi mmoja, 100,000 nyingine, mbali na hela ndogondogo alizokula kila alipokupeleka kuona chumba ambacho kilikuwa kimeshachukuliwa. Hujanunua hata balbu na umetoa 700,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipopandishwa mwaka 2022 kilifika 370,000, na wengi wanaokaa chumba kimoja hawajaajiriwa na serikali. Wanakopa kwenye vikoba, wanauza simu, au wanabaki kwa shemeji wakilala sebuleni.

Mawaziri wa ardhi zaidi ya mmoja wamesimama hadharani kulaani kodi ya miezi sita na kuahidi sheria. Habari hizo zinapotoka, watu huzisambaza kwa furaha kwenye makundi ya WhatsApp, na mwezi unaofuata dalali anaendelea kuuliza, "Unayo ya sita?"

Wenzetu Kenya hawakuifuta sheria yao. Bado wana Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na baraza lake la kusikiliza mashauri. Lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango kilichowekwa miongo mingi iliyopita. Kilipowekwa, kiwango hicho kilikuwa kinaingiza nyumba za watu wa kipato cha kati. Leo kinabaki na vyumba vya bati vya Mathare na Mukuru, ambako kama Kariakoo ya zamani hakuna mkataba wa maandishi. Tanzania iliizika sheria, Kenya iliiacha izeeke, na mpangaji wa chumba kimoja wa nchi hizi mbili hana sababu kubwa ya kumwonea mwenzake wivu.

Magomeni na Dodoma

Wakati mwingine serikali huamka na kufanya jambo kubwa. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi kota za Magomeni ziliondolewa miaka ya 2011 na 2012 na nyumba zao zikavunjwa. Kiwanja kikakaa kitupu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alikwenda pale, akaahidi kwamba wakazi wale watajengewa na watakaa miaka mitano bila kulipa kodi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa yaliyojengwa. Kaya 644 zilirudi, baada ya miaka kumi hivi ya kuhangaika kwenye vyumba vya kupanga. Ni habari njema, na sioni haya kusema hivyo. Lakini walirudi kwa sababu walikuwa na orodha, kamati, na jengo linalojulikana la umma. Jijini kuna mamia ya maelfu ya kaya za wapangaji ambazo hazina orodha yoyote zaidi ya daftari la mwenye nyumba.

Uamuzi wa mwaka huohuo wa 2016 wa kuihamishia serikali Dodoma ulionyesha upande mwingine. Maelfu ya watumishi walipelekwa kwenye mji ambao nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya wakazi wake na wanafunzi wa vyuo. Kodi zilipanda haraka. Aliyeumia zaidi hakuwa mtumishi, ambaye alikuja na mshahara wake, bali mkazi wa Chang'ombe au Nkuhungu hukohuko Dodoma aliyeambiwa chumba chake sasa kina mteja mwingine.

Na Dar es Salaam inaendelea kupanuka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38, milioni moja zaidi ya mwaka 2012. Kariakoo yenyewe karibu imemaliza nyumba zake za Kiswahili. Warithi wameuza, maduka na ghorofa yamechukua mahali pake. Vyumba vimehamia Kivule, Chanika, Mbagala Kuu, Bunju. Bei inashuka kidogo, nauli inapanda, na anayefanya kazi mjini anatoka kabla ya adhana ya alfajiri. Ni kodi ileile, ila sehemu yake sasa inalipwa kwa konda wa daladala.

Mtafiti Jenny Cadstedt wa Chuo Kikuu cha Stockholm alichunguza wapangaji wa Mwanza na kuandika tasnifu yake mwaka 2006. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba wapangaji hawaonekani kwenye sera za makazi. Ukisoma Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 utakubaliana naye. Inazungumza kwa kirefu kuhusu viwanja, miundombinu na mikopo. Inamtarajia mwananchi awe mwenye nyumba, leo au kesho. Anayepanga anahesabiwa kama mtu aliye njiani, hata kama amekuwa njiani kwa miaka thelathini na wanawe wamezaliwa wakamaliza shule kwenye chumba hichohicho.

Tangu sheria ya 2002 kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kwa karatasi mpangaji anayetupiwa vitu nje anaweza kwenda huko. Anahitaji nauli, muda wa kuacha kazi, na ushahidi ambao mkataba wa mdomo hauna. Kwa hiyo asubuhi anapokuta kufuli mpya mlangoni, anafanya kile ambacho bibi yake angefanya Kariakoo: anakwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe anamsikiliza, anamwita mwenye nyumba, anawasuluhisha kwa siku kumi za nyongeza. Ni mtu mwema, anayeujua mtaa. Na mara nyingi naye ana vyumba vitatu vya kupangisha uani kwake.